Ubao, Sumaku na Alama ya Kidole

Katika vyuo vya Kurani vya Garissa, ambavyo wenyeji huviita duksi, mtoto hupewa ubao mrefu uliolainishwa, uitwao loox kwa Kisomali. Huandika juu yake kwa kalamu ya kijiti na wino wa makaa uliochanganywa na maji na gundi ya mti, aya chache tu kwa siku. Huzisoma kwa sauti, akazirudia na kuzirudia mpaka zikamkaa moyoni. Na mwalimu akisharidhika, ubao huoshwa kwa maji, ukaanikwa juani, ukapokea aya nyingine. Ubao ni mdogo na kitabu ni kikubwa, lakini baada ya miaka kadhaa ubao huo mmoja huwa umepitiwa na kitabu chote, na mtoto amekuwa hafidhi.

Msomaji, ukiufahamu ubao huo umekwisha kufahamu nusu ya habari ya kompyuta. Mashine hiyo, ambayo vitabu vyetu vya shule huiita pia tarakilishi, ina mahali pawili pa kuwekea mambo, na watu wengi hupachanganya kwa kupaita pote kwa jina moja. Pa kwanza ni padogo na pa haraka, ambapo mambo huandikwa na kufutwa kila nukta kazi ikiendelea; hapo ndipo hasa paitwapo kumbukumbu. Pa pili ni papana na pa polepole, ambapo mambo hukaa hata mashine ikizimwa. Hapo ni hifadhi. Ubao ni kumbukumbu, na moyo wa mtoto ni hifadhi. Mwuzaji wa simu sokoni akikuambia kuwa simu hii ni ya 8 na 128, hesabu ya kwanza ni ya ubao na ya pili ni ya moyo. Na mnunuzi asiyejua tofauti yake aweza kulipia asichokihitaji.

Nimechagua kuieleza historia ya jambo hili kutoka upande wa Kaskazini Mashariki ya Kenya, na huenda ukastaajabu, maana mashine hizi hazikubuniwa huko. Lakini sijui sehemu nyingine ya nchi yetu ambayo imeonja zaidi gharama ya kuandikwa, na gharama ya kutoandikwa.

Wasomali waliishi karne nyingi wakiwa na hifadhi isiyo na karatasi. Lugha yao haikupata hati rasmi mpaka mwaka wa 1972, serikali ya Mogadishu ilipochagua herufi za Kilatini. Kabla ya hapo tungo ndefu zilichukuliwa kwa vichwa vya watu. Mtunzi alikuwa na wapokezi wake waliozihifadhi neno kwa neno, nao wakazipeleka kisimani na malishoni, wakitaja kwanza jina la mwenye utungo. Utungo uliokaa katika vichwa vya watu kumi katika visima kumi haukupotea kwa kifo cha mtu mmoja. Wenye mitambo ya leo hufanya vivyo hivyo, nao huitoza fedha nyingi kazi hiyo.

Kulikuwa pia na hifadhi ya pili, nayo ni chapa ya moto katika ngozi ya ngamia. Maji hayaioshi, wala mvua haiitoi. Yeyote aijuaye huitazama akasema, ngamia huyu ni wa ukoo fulani. Ila angalia pia kile ambacho chapa haikisemi. Haisemi kama ngamia alinunuliwa, au alitolewa mahari, au aliibwa jana usiku. Chapa hujibu swali moja tu, na mengine yote sharti yaulizwe kwa watu. Nakuomba uliweke neno hili akilini, kwa sababu tutalihitaji mbele.

Sasa tuingie katika mashine yenyewe. Kompyuta haijui herufi wala sura ya mtu. Inajua hali mbili tu, ipo au haipo, ndiyo au siyo, na kwa desturi tunaziandika 1 na 0. Jibu moja la namna hiyo huitwa biti. Neno hilo lilichapishwa na mwanahesabu Mmarekani Claude Shannon mwaka wa 1948, naye akasema kuwa alilipata kwa mwenzake John Tukey. Mtu aweza kudhani kwamba kwa ndiyo na siyo hapana kubwa liwezalo kusemwa. Hebu tufanye hesabu. Katika sensa ya mwaka wa 2019 kaunti ya Garissa ilihesabiwa watu 841,353. Wapange wote katika orodha moja, kisha niulize: je, mtu umtakaye yumo katika nusu ya kwanza? Ukinijibu, nimebakiwa na nusu ya watu. Nikiuliza tena, nimebakiwa na robo. Maswali 19 hutenga watu 524,288, nayo hayatoshi. Maswali 20 hutenga 1,048,576, nayo yanatosha na kubakiza. Maana yake ni kwamba mchungaji yeyote wa Garissa, awe Ijara au Balambala, aweza kutengwa na wenzake wote kwa biti 20.

Biti nane zikifungwa pamoja huitwa baiti, na baiti moja ina sura 256 zilizo mbalimbali, kiasi cha kutosha herufi zote tuandikazo kwa Kiswahili. Herufi T ni 01010100. Jina la mto wetu, Tana, ni baiti nne. Herufi za Kiarabu, kwa mpango utumikao sana siku hizi, huchukua baiti mbili kila moja, kwa hiyo sura iliyo katika hati ya Kiarabu huchukua nafasi kubwa kuliko inavyoonekana kwa macho.

Swali lililowasumbua mafundi kwa miaka mingi halikuwa la hesabu, bali la kitu. Ni kitu gani kiwezacho kushika ndiyo na siyo, kikashika nyingi, kwa haraka, wala kisichoke? Jibu la kwanza lilikuwa tundu. Mwaka wa 1890 Wamarekani walihesabu watu wao kwa kadi za karatasi ngumu zilizotobolewa matundu, na mitambo ya Herman Hollerith ikayasoma kwa umeme. Tundu ni hifadhi njema, ila likishatobolewa halizibiki, na kadi elfu ni mzigo wa mtu.

Ubao wa kuoshwa ulichelewa kupatikana. Tarehe 21 Juni 1948, katika Chuo Kikuu cha Manchester huko Uingereza, mashine moja iliendesha kwa mara ya kwanza kazi iliyoandikwa ndani ya kumbukumbu yake yenyewe. Waliotengeneza kumbukumbu hiyo walikuwa Freddie Williams na Tom Kilburn, nao walitumia bomba la kioo kama la televisheni ya zamani, wakiandika biti kwa nukta za chaji ya umeme juu ya kioo. Bomba zima lilishika biti 1,024, ambazo ni baiti 128; ujumbe mfupi wa simu hujaza nafasi kama hiyo. Tena nukta zile zilififia kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, ikawa lazima mashine izisome na kuziandika upya daima, kama mtoto asemaye aya kwa moyo asije akaisahau. Waliofuata walitumia vipete vidogo vya sumaku vilivyotungwa katika nyaya kama shanga, kila kipete biti moja, na aghalabu waliovitunga kwa mikono yao walikuwa wanawake. Vipete hivyo vilitumika kwa miaka kama ishirini.

Kwa upande wa hifadhi, kampuni ya IBM ilitoa mwaka wa 1956 mtambo wenye sahani 50 zilizopakwa madini ya sumaku, kila sahani upana wa sentimita 61 hivi. Mtambo huo ulikuwa na uzito wa karibu tani moja, nao ulishika herufi milioni tano. Leo kadi ya ukubwa wa ukucha, iuzwayo katika vibanda vya simu, hushika baiti bilioni 128. Gawanya mwenyewe utaona kuwa kadi hiyo moja ni sawa na mitambo zaidi ya 25,000 ya namna ile.

Kumbukumbu iliyomo katika simu yako ni ya ukoo mwingine. Robert Dennard, mhandisi wa IBM, aliibuni mwaka wa 1966. Kila biti ni kikombe kidogo mno cha umeme chenye mlango mmoja. Kikijaa ni 1, kikiwa kitupu ni 0. Kikombe hicho kinavuja. Kwa hiyo mashine hupita kila kikombe, ikakijaza tena, zaidi ya mara kumi kwa kila nukta ya saa, usiku na mchana maadam umeme upo. Umeme ukikatika hata kidogo, vikombe vyote hukauka, na barua uliyokuwa ukiiandika imepotea kama hukuihifadhi. Hifadhi ya simu ni umeme huo huo, lakini umefungiwa ndani ya boma lisilo na mlango. Fujio Masuoka, Mjapani wa kampuni ya Toshiba, aliitangaza njia hiyo mwaka wa 1984. Umeme husukumwa kwa nguvu kupita ukuta, ukabaki ndani kwa miaka hata simu ikizimwa. Lakini kila kusukumwa hulichosha boma kidogo, mithili ya boma la miiba lipitishwalo mifugo kila jioni, na baada ya kuandikwa na kufutwa mara maelfu halishiki tena.

Labda utauliza, kwa nini tusitumie namna moja tu ya kuweka mambo? Sababu ni kwamba kitu cha haraka ni ghali na kidogo, na kitu kikubwa ni cha polepole. Mwaka wa 1996 idara ya maktaba ya taifa ilianza kuwapelekea watu wa Garissa vitabu kwa ngamia, mnyama mmoja akibeba masanduku ya vitabu na mwingine hema la kusomea. Mwanafunzi aliyeketi chini ya mti alikuwa na kitabu kimoja mkononi. Masanduku yalikuwa hatua chache kutoka kwake. Na maktaba yenye vitabu vingi ilikuwa mjini, mbali. Ndivyo ilivyopangwa kompyuta. Tuseme kwamba kuchukua neno katika kumbukumbu ni kazi ya nukta moja, kama kufunua ukurasa. Kwa kipimo hicho hicho, kulitafuta katika hifadhi ya boma la umeme ni kazi ya dakika 17 hivi, na kulitafuta katika sahani ya sumaku izungukayo ni kazi ya zaidi ya saa 27. Mashine iliyojaa kumbukumbu hulazimika kwenda na kurudi safari hiyo kila mara, ndiyo sababu huonekana mvivu. Si mvivu, yumo njiani na ngamia wake.

Yako mambo ambayo hayamo hata katika simu. Huduma ya M-Pesa ilianza mwaka wa 2007, na mpaka mwaka wa 2015 mitambo iliyoshika hesabu yake ilikuwa Ujerumani. Mfugaji aliyeuza mbuzi katika soko la Garissa alitembea na simu mfukoni, lakini daftari la fedha zake lilikuwa bara jingine. Kwa hiyo simu yake ikichukuliwa na mafuriko ya Tana, kama yale yaliyokata barabara ya Garissa mwezi wa Novemba 2023, fedha zake zi salama. Huko liliko daftari, nakala zake huwekwa katika mitambo zaidi ya mmoja, kama vile tungo zilivyowekwa katika vichwa vya watu wa visima kumi.

Huo ni wema wa hifadhi, na sitaki kuupunguza. Lakini mambo mawili zaidi yafaa kujulikana kabla hatujafika Dadaab. La kwanza ni kwamba kufuta katika mashine si kuosha ubao. Ukifuta picha, aghalabu mashine huondoa tu jina lake katika orodha na kuandika kwamba nafasi ile ni huru. Picha yenyewe hubaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake, na nakala zilizoko kwingine hazijui lolote. La pili ni la bei. Zamani ofisi zilisahau kwa sababu karatasi zilijaa makabati, mchwa akala, mvua ikanyesha. Sasa fikiri: alama ya kidole ikiwekwa katika mashine haiwekwi kama picha nzima tu, bali pia kama orodha ya mahali mistari inapokatika na inapogawanyika, na orodha ya kidole kimoja hutoshea katika baiti elfu moja hivi. Vidole kumi vya kila mtu katika kaunti nzima ya Garissa vingekaa katika baiti bilioni nane na nusu. Vingeingia katika ile kadi ya ukucha mara kumi na tano. Hifadhi ikiwa rahisi kiasi hicho, hakuna tena anayelazimika kutupa kitu.

Kambi za Dadaab, katika kaunti hiyo ya Garissa, zilianza mwaka wa 1991 kwa watu waliokimbia vita vya Somalia. Wakimbizi walipewa chakula, shule na matibabu. Wenyeji wa kandokando, raia wa Kenya, walikuwa na lugha ile ile na dini ile ile, na ukame ulipoangamiza mifugo yao, kama ulivyofanya vibaya sana mwaka wa 2011, wengi walikwenda kujiandikisha kambini ili wapate unga na mafuta. Wengi wa walioandikwa walikuwa watoto walioshikwa mkono na mama zao. Vidole vyao viliwekwa juu ya kioo cha mashine, na mashine ikahifadhi. Tangu mwaka wa 2013 hata mgao wa chakula ulitolewa kwa kuonyesha kidole. Njaa ikapita, watu wakarudi kwao, na jambo likasahauliwa na kila mtu isipokuwa mashine.

Kisha watoto wakatimiza miaka 18 na kwenda kuomba vitambulisho vya taifa. Kidole kiliwekwa juu ya kioo kingine, daftari la raia likaulizana na daftari la wakimbizi, na jibu likarudi kuwa kidole hiki kinajulikana. Ombi likakataliwa. Idadi iliyotajwa mara nyingi ya watu waliofungiwa hivyo ni 40,000. Bila kitambulisho nchini Kenya mtu hawezi kupiga kura, wala kufungua akaunti ya benki, wala kusajili laini ya simu kwa jina lake, wala kuajiriwa kwa halali. Na katika barabara ya Garissa kwenda Nairobi, yenye vizuizi vya polisi, hata kusafiri ni taabu.

Hapa ndipo nilipotaka kukufikisha, msomaji. Mashine haikusema uongo. Iliulizwa kama kidole hiki na kile ni vya mtu mmoja, nayo ikajibu sawasawa: ndiyo. Haikuulizwa, wala haiwezi kujua, kama mtu huyo alizaliwa Modogashe au Kismayu. Lakini maafisa waliosoma jibu walilichukua kuwa jibu la swali lile la pili. Ni kama mtu aione chapa ya ngamia, kisha aseme kwamba amejua jinsi ngamia alivyopatikana. Kwa maoni yangu kosa hilo ni la watu, na kulitupia mashine ni njia ya kukwepa kulisahihisha.

Wala halikuwa jambo geni kwa watu wa huko. Mwezi wa Novemba 1989 serikali iliwaamuru Wakenya wa asili ya Kisomali wenye umri wa kupata kitambulisho wahojiwe upya, na waliokubaliwa wakapewa kadi ya ziada ya rangi ya waridi, ambayo Wakenya wengine hawakuhitajika kuwa nayo. Hata baada ya kadi hiyo kuachwa, vijana wa Kaskazini Mashariki waliendelea kupitishwa mbele ya kamati maalumu kabla ya kupewa kitambulisho, mpaka Rais William Ruto alipotangaza mjini Wajir, mwezi wa Februari 2025, kwamba mpango huo umekomeshwa.

Kuhusu wale wa Dadaab, serikali ilifanya uchunguzi mwaka wa 2019, na watu zaidi ya 14,000 wakaonekana kuwa ni raia kweli. Miaka ikapita wengi wao wakingali wakingoja. Mwaka wa 2021 shirika la Haki na Sheria la Garissa, pamoja na baadhi ya walioathirika, lilipeleka shauri katika Mahakama Kuu ya mji huo, na mwaka wa 2025 mahakama ikatoa hukumu ya kuwatetea.

Sasa tazama kazi iliyobaki baada ya hakimu kuweka kalamu chini, maana ni kazi ya somo letu. Jina la mtu limo katika daftari la wakimbizi na halimo katika la raia. Sharti liondolewe kule na liingizwe huku, na kila nakala ya daftari lile la kwanza, popote ilipo, ipate habari hiyo. Nakala moja ikiachwa nyuma, kidole chake kitatambuliwa tena kwa jina la mkimbizi siku atakapokwenda ofisi nyingine. Kitambulisho cha namna mpya, kiitwacho Maisha, ambacho serikali ilikianzisha mwaka wa 2023, kina chipu ndani yake, nayo ni hifadhi ya boma lisilo na mlango kama tulivyoeleza. Kijana wa Garissa aliyekingoja miaka kumi akikitia mfukoni, amechukua baiti chache elfu zisizohitaji umeme ili zikae. Na akifika kwenye kizuizi cha barabara, askari huenda asiwe na mashine ya kuisoma chipu, bali akatazama tu picha na jina lililochapwa juu ya kadi.